Sahihi

Saa kumi na moja, kabla watu hawajaingia,
nalala chali katikati ya jukwaa
kama mtu aliyeanguka,
nahesabu kamba.
Thelathini na mbili.
Jana zilikuwa thelathini na mbili.
Nahesabu tena.

Juu kule gizani zinaning'inia
nyumba isiyo na mgongo, mto wa kitambaa,
mwezi wa plaiwudi uliopakwa rangi mara tano,
na kila kimoja kina wa kukishika upande wa pili:
vyuma alivyovisubu Kyembe
mwaka ule kiwanda kilipowafungia lango,
vyuma chakavu vya mgodi, vyekundu ukivikwangua.
Kilo kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na mbili.
Kimoja kina kumi na moja na nusu.
"Huyu mwongo," aliniambia,
"usimtupe. Mjue tu."

Siku aliponikabidhi funguo hakutoa hotuba.
Alifungua daftari, akarudi nyuma miaka sita,
akaweka kidole juu ya jina lake mwenyewe.
"Hapa sikupanda. Mvua, goti, uvivu.
Nikatia sahihi."
Nikauliza, kulitokea nini?
"Hakuna kilichotokea.
Ndicho kinachoniamsha."

Mujinga, mkuu wa taa, ana usiku wake wa kuuogopa.
Umeme wa mji huu hauagi ukiondoka.
Anagombana na ofisi kuhusu mazuti
tangu Jumatatu hadi Ijumaa,
anaficha madumu mawili ya manjano chini ya ngazi,
na kila waya anaugusa kwa mgongo wa mkono
kama anayempima mtoto homa.
Chola wa sauti alikopesha kanisa maikrofoni saba.
Zimerudi sita, zinanukia marashi.
Anakwenda Katuba kwa miguu kuitafuta ya saba,
maana kwenye karatasi jina ni lake,
si la mchungaji.

Leo nimepanda.
Ngazi arobaini na nne, vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Kamba ya kumi na tisa, ya malaika:
uzi mmoja umekatika. Mmoja.
Umesimama peke yake kama mvi.

Nikashuka, nikasema hapana.
Mwelekezi akasema ni uzi tu.
Meneja akasema wageni wa serikali wameshakaa,
wameshapewa na soda.
Mtu akasema Kyembe angeruhusu.
Nikatazama miguu ya Kabedi,
ameshavaa mabawa, anasubiri,
pekupeku, kucha zimepakwa rangi kwa ajili ya kuonekana
mita saba juu ya vichwa vya watu.
Hakuniuliza kitu.
Ananiamini, na hilo ni zito kuliko yeye.

"Malaika atatembea," nikasema.

Akatembea.
Akatokea pembeni, polepole, mbawa zikiburura sakafuni,
Mujinga akamfuata na taa moja
ambayo haikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote,
Chola akaukata muziki wote
ukabaki mlio wa nyayo kwenye mbao.
Ukumbi ukanyamaza hadi tukasikia jenereta nje.

Baadaye walimpongeza mwelekezi kwa wazo lile.
Akainamisha kichwa, akapokea.
Sikujali. Kidogo nilijali.

Saa sita usiku, bukari imeshapoa nyumbani,
naandika: Kamba 19, imetolewa. Haifai.
Halafu jina langu.
Waliotupa neno hili walikuwa wabahili:
sahihi, jina la mtu,
sahihi, kisicho na kosa,
wakatuachia mstari mmoja
wa kuandikia yote mawili.

Kesho saa kumi na moja nitalala chali tena.
Thelathini na moja.